Mzee Kumi na Moja

"Kisogo ni kisogo, mama, na mimi visogo ndiyo kazi yangu," kinyozi alisema, akigonga kwa kidole kipande cha gazeti alichokibandika mlangoni mwa banda lake. "Huyu ni baba. Kichwa cha baba nitakikosaje?"

Mama Pasi, mjane wa nyumba ya pili, alikuwa ametoka mbio bila kuweka chini pasi yake ya mkaa. Alisimama nayo mkononi ikifuka moshi, na ndiyo maana kinyozi siku hiyo alikuwa na adabu kuliko kawaida yake.

"Kisogo gani unachokiona hapo, mwanangu? Hapo pana nukta nne za wino. Hata mbuzi akija atasema ni babu yake."

Watu wakacheka. Walikuwa wameshajaa, maana nyumba hizo mbili zilichangia ukuta mmoja mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya, na ugomvi wa pande hizo mbili mtaa mzima uliuhesabu kama mali ya umma. Aliyekuwa na sufuria motoni aliiacha. Aliyekuwa ananyolewa alisimama na nusu ya kichwa, shuka shingoni, akisikiliza kwa makini kama hakimu.

Picha waliyoigombea ilionyesha wanaume kumi na wawili juu ya ukuta wa bwawa ambao haujakamilika, miaka hamsini nyuma, kila mmoja na koleo lake. Kumi na mmoja walitazama kamera. Wa kumi na mbili aliipa mgongo. Shirika la umeme, likijiandaa kusherehekea hiyo nusu karne, lilikuwa limefukua picha zake za kale na kutangaza gazetini kwamba kila familia ambayo mzee wake yumo pichani itavutiwa umeme bure, kama shukrani. Mtu mmoja pichani, nyumba moja.

Tangazo hilo liliushtua mtaa. Mtaa wenyewe ulianza kama kambi ya wajenzi wa hilo hilo bwawa. Tangu siku mtambo wa kwanza ulipozunguka, nyaya nene zilipita juu ya mapaa yao, zikivuma kama mzinga, zikipeleka umeme kwa watu wengine. Chini ya nyaya hizo wajukuu wa wajenzi walisomea vibatari. Kinyozi alinyoa kwa mkasi na wembe, na mashine ya kunyolea ilining'inia ukutani mwa banda lake mwaka wa sita sasa, kama picha ya mchumba aliye mbali.

Lakini Mama Pasi hakuwa na shida ya umeme peke yake. Marehemu mume wake alikuwa dobi katika kambi ya wahandisi, na mpaka anakata roho alishikilia kwamba yumo katika picha ile. Angeishia hapo, watu wangemwachia. Tatizo ni kwamba alisema yumo mara kumi na moja. Akiulizwa ni yupi, alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Tazameni vizuri, mtaniona." Basi wakamwita Mzee Kumi na Moja, na mwenye sauti kubwa kuliko wote katika kumwita hivyo alikuwa huyu huyu kinyozi. Walimzika na jina hilo. Hata siku ya matanga, mtu fulani aliuliza waliokuja kama wamemleta marehemu mmoja au wote, na watu wakacheka msibani. Mama Pasi aliyasikia maneno yale kupitia ule ukuta mwembamba, na sauti aliijua.

Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa nyepesi. Nyuso kumi na moja zinaonekana, na hakuna hata moja ya mume wake. Kama marehemu hakuwa mwongo, basi ni yule aliyegeuka. Kinyozi naye, ambaye baba yake alichimba handaki la maji miaka minne na kufa kwa kifua, alikuwa amefika hapo hapo kwa njia hiyo hiyo.

"Tutaonana kwenye maonyesho," Mama Pasi alisema. "Huko picha ni kubwa. Huko hakuna ujanja wa vinyozi."

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Maonyesho ya nusu karne ya umeme wa maji yaliendeshwa kwa jenereta, kwani umeme wenyewe ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na jenereta lilinguruma uani hivi kwamba wasemaji walilazimika kupiga kelele kusifu ukimya wa mitambo. Afisa uhusiano wa shirika, kijana mnene mwenye tai nyekundu, aliongoza shughuli akiwa na kipaza sauti na rundo la karatasi. Huyu alikuwa mtu wa kusoma. Chochote kilichoandikwa kikitua mbele ya macho yake, kilitokea kwenye kipaza sauti. Alisoma ukaribisho, akasoma tarehe, akasoma "hapa subiri makofi," halafu akasubiri. Makofi yalikuja kwa huruma.

Mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa wizara, alikuwa na sababu ya pekee ya kuwepo. Baba yake alikuwa wa nne kutoka kushoto katika picha ya koleo. Kila kona ya ukumbi ilishapata habari kwamba mheshimiwa ana hotuba ya kurasa saba juu ya viganja vya baba yake vilivyopasuka kwa saruji.

Mama Pasi alipita mbele ya picha moja moja. Hapa kreni imeinua gurudumu la mtambo kubwa kama nyumba. Pale wahandisi wanakunywa chai chini ya mwavuli, na maji ya mto yamezuiwa nyuma yao kama watoto waliokatazwa kuingia. Hatimaye akaifikia picha yao, iliyokuzwa kufikia kimo cha mlango. Kinyozi alikuwa bado kule nyuma, akibishana na mlinzi juu ya nani amemkanyaga nani.

Jicho la Mama Pasi halikwenda kwenye nyuso. Miaka arobaini ya kupiga pasi hufanya hivyo. Mtu anakusalimia, wewe unaangalia kola. Akaangalia mikono ya mashati. Kwenye kila mkono, kutoka begani hadi kwenye kifungo cha kifundo cha mkono, palishuka mikunjo miwili, sambamba, iliyonyooka kama reli. Shati la kwanza. La pili. La tano. Watu wa kawaida hukunja mara moja. Mikunjo miwili alikuwa nayo mtu mmoja tu duniani, ambaye alisema mkunjo mmoja hata ng'ombe akilalia nguo unatokea, na aliyemfundisha mkewe kwa kumshika mkono, jioni baada ya jioni, mpaka akaijua.

Alihesabu. Kumi na moja.

Akaegemea kamba ya kuzuia watu na kumtazama yule wa kumi na mbili. Shati la huyo halikuwahi kuona pasi. Lilikuwa limemganda mgongoni kwa tope, limechanika bega, na suruali ilitota maji mpaka magotini. Na nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na kinundu kidogo kama mbegu ya limau. Kinundu hicho Mama Pasi alikiona kila siku ya Mungu. Kinyozi alikuwa nacho. Watoto wa kinyozi walikuwa nacho, wote watatu, na mdogo alipenda kukishikashika anaposinzia.

Alikuwa peke yake mbele ya picha. Angeweza kunyamaza. Afisa alikuwa anakuja na orodha yake, kinundu hakuna aliyekiona, na mjane mzee akitoa machozi angeaminiwa kabla ya kinyozi mgomvi. Aliifikiria pasi ya umeme, isiyotema majivu juu ya shuka nyeupe za watu. Aliifikiria vizuri kabisa, hata rangi yake.

"Haya, mama," afisa alisema kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukisikia. "Nimeambiwa huyu aliyegeuka ni mumeo."

"Huyo ni baba yake kinyozi. Mwite aone kinundu chake," Mama Pasi alisema. "Mume wangu ni hao wengine."

Kicheko kilipasuka, kile kile cha matanga. Aliacha kiishe, akamgeukia afisa.

"Baba, wewe umevaa shati. Niambie, mtu anamwaga zege toka alfajiri, shati linabakije na wanga na mikunjo miwili? Hayo mashati yalipigwa pasi asubuhi ile na mume wangu. Hawa hawajawahi kushika koleo. Tazama huyu wa nne, kalishika kama mwiko."

Kicheko safari hii kilibadilisha njia, kikaelekea viti vya mbele. Mgeni rasmi aliinamia kurasa zake saba. Afisa, akitoka jasho, alisema kumbukumbu za shirika hazisemi uongo, na kuthibitisha hilo akachomoa picha halisi ndogo kutoka kwenye albamu yake. Akaigeuza atafute majina. Nyuma palikuwa na mwandiko wa kalamu, na mwandiko ukishakuwa mbele ya macho yake, tunajua.

"'Makarani na wapishi, kumi na mmoja,'" alisoma kwenye kipaza sauti. "'Mashati yalirudishwa kwa dobi kabla ya saa sita. Wachimbaji hawakupigwa picha, ni wachafu. Mmoja alibaki kwenye picha, akageuzwa.'"

Hapo hakungoja makofi, lakini yalikuja.

Kinyozi alikuwa ameshafika kwenye kamba. Alisimama mbele ya mgongo wa baba yake, mkono wake ukiwa umepanda wenyewe nyuma ya sikio la kushoto.

Shirika lilishika sheria yake. Aliyeonekana pichani alihesabiwa, kwa hiyo makarani na wapishi walibaki wajenzi, na maelezo chini ya picha hayakubadilishwa. Mgeni rasmi alisoma kurasa tano. Mama Pasi aliambiwa kwa heshima zote kwamba mashati si mtu, na kwamba ombi lake limepokelewa, kauli ambayo katika ofisi zote humaanisha nenda nyumbani.

Waya ulifika kwa kinyozi wiki ya tatu. Mtaa ulikuja kutazama taa ikiwaka, na mashine ya kunyolea ikateremshwa ukutani na kunyoa vichwa vinne vya bure. Mke wa kinyozi alinunua jiko la umeme na kumgawia jirani wa mbele jiko la mkaa, kwa mbwembwe, kila mtu ashuhudie. Siku ya pili umeme ukakatika. Redio ilisema kina cha maji bwawani kimeshuka na wananchi wawe wavumilivu.

Siku ya tatu, mchana, Mama Pasi alikuwa anakung'uta majivu ya pasi yake aliposikia watoto wa kinyozi wakilialia njaa kupitia ukuta, halafu sufuria ikiwekwa chini kwa hasira. Jikoni kwake maharage yalikuwa yameiva tangu saa nne. Baada ya muda mlango wake ukabishwa. Alikuwa kinyozi, watoto watatu nyuma yake, na mkononi ameshika shati jeupe lililokunjwa vibaya.

"Nataka kulivaa Jumapili, mama," alisema, akitazama kizingiti. "Ulipige pasi kama yale ya mzee. Mikunjo miwili." Akamnyooshea shati. "Siku ile ya matanga, mimi ndiye niliyesema yale maneno."

"Ukuta ni mwembamba, mwanangu."

Kitoto cha mwisho kilikuwa kimeshapenya chini ya mkono wa Mama Pasi na kinanusa kuelekea jikoni. Mjane alilipokea shati, akalitazama kola kwanza, akaguna.

"Hilo neno la mlangoni limetosha," alisema. "Kamwite mkeo, mnawe mikono. Ingieni mle maharage."