Maputo ya Kliniki ya Meno

...eti "haiwezekani kupatanisha", maandishi mekundu toka juu mpaka chini kama kompyuta imeng'atwa na nyuki, na yeye fundi programu wa miaka yote hii, aliyetengeneza mifumo ya watu kwenye viwanja vya ndege vya nusu dunia huku kakalia sanduku lake, leo atishwe na maandishi? thubutu, alichotaka ni kusasisha mfumo wa kliniki ya meno tu, vipande vya zamani, vifurushi wanavyoviita mafundi, vitoke, vipya viingie, basi, sasa kifurushi cha kalenda kinadai kifurushi cha saa kibaki toleo la pili, kifurushi cha risiti kinadai saa hiyohiyo iwe toleo la tatu, na lawama zote katupiwa saa, maskini, ambaye hajamkosea mtu... "Wifi, sijakataa mama asije," mkewe huyo, sebuleni, simu kaifungulia sauti, "ila chumba cha mwisho ni cha vyerehani vyangu, kakako kaniahidi kwa mdomo wake," na dada mtu anajibu, "Na mimi kaniahidi kwa mdomo huohuo, kwamba Jumamosi mama atalala humo!"... una shida huu mdomo, mke akiuliza, ndiyo, dada akiuliza, hakuna neno, chumba kimoja, matoleo mawili... na chini kabisa kompyuta inamshauri alazimishe, ushauri wa mlevi huo, leo itapita, kesho mgonjwa apewe miadi ya jana, hapana, soma taratibu, mzee, hizi jumbe hulia pale zilipoangukia, si pale zilipojikwaa, panda juu mstari kwa mstari, nani hasa anamhitaji huyu kalenda?... "Mwenyewe anasema atalala popote," dada, sauti imelegea, na hiyo "popote" ikamchoma kuliko wekundu wote ule, mwanamke aliyekuwa akiwapisha kitanda walipougua, akasinzia kitini hadi asubuhi, leo popote... huyu hapa! maputo! kayabandika mwenyewe, yapae kwenye skrini siku ya kuzaliwa ya mgonjwa, nani anataka maputo na jino linang'olewa? ndiyo peke yake yanayomwita kalenda, yatoe, kalenda aende zake, saa apumue... kidole kiko hewani, hajabonyeza, maana macho yamehama, yanatazama chumba hiki chenyewe, "ofisi", dirisha zuri kuliko yote nyumbani, choo mlango wa pili, ramani ukutani, kofia za nchi za watu ambazo kichwa kimoja hakizimalizi, kiti cha kuzunguka, nani anavihitaji? mtu mmoja, tena wa kuzunguka tu... vyerehani vibaki vilipoahidiwa, meno ya watu yatatengenezwa kwenye meza ya kulia, kwani uwanja wa ndege nani alimpa ofisi?... "Muulize basi, si yuko humo ndani anagombana na kompyuta?" dada, na mkewe, "Namuuliza, ila leo asiniitikie ndiyo tu, nimezichoka ndiyo zake"... haitiki ndiyo, leo ana sentensi nzima, kitanda kikae upande huu, kichwa kielekee dirishani, mama anapenda kuona nani anapita.