Nyumba Isiyo na Sukari

Sukari ilifukuzwa katika nyumba ile siku ileile daktari alipoongeza dozi ya vidonge vya mzee. Binti yake hakungoja hata kubadili nguo za safari. Alitoa kopo la sukari, akatoa asali, akatoa jamu iliyobaki nusu chupa na biskuti za wageni, vyote akawagawia majirani, na kila mmoja akapewa na onyo lake juu: atakayempa baba yangu kitu kitamu, mimi na yeye tutakosana mpaka kaburini. Majirani walimjua. Walipokea, wakanyamaza.

Mzee alikuwa seremala maisha yake yote, na mtaani hapakuwa na aliyemwita kwa jina. Alikuwa Fundi, basi. Vitanda, makabati na milango ya nyumba ile vilitoka mikononi mwake. Sasa macho yalikuwa yamefifia, nyayo zilikuwa na ganzi, presha ilipanda na kushuka itakavyo, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Binti yake aliporudi nyumbani kumuuguza, mzee alimpachika jina la Bi Forodha, kwa sababu hakuna mzigo ulioingia mlangoni bila kufunguliwa wala koti lililopita bila kupekuliwa.

"Bi Forodha, leo nimeingiza almasi," alizoea kusema akitoka barazani, ameinua mikono juu.

"Geuka, baba."

"Na meno ya bandia niyatoe?"

"Yatoe, nayo niyaone."

Walicheka, lakini mikono ya binti ilipekua kwelikweli. Hakuwa na roho mbaya, alikuwa na woga. Ugonjwa huohuo wa kisukari ulimkata mama yake mguu, kisha ukammaliza kabisa, na mama yule alikuwa akila vitamu kwa kujificha mpaka mwisho. Tangu msiba ule, binti akisikia neno sukari redioni, huizima papo hapo. Alikuwa ameapa moyoni kwamba huyu aliyebaki hatampoteza kwa uzembe.

Pamoja na ulinzi wote huo, Fundi alimpiga chenga. Leo karatasi ya pipi ilionekana chini ya godoro, wiki nyingine ndani ya kiatu. Ghala lenyewe halikuonekana. Binti alikung'uta mito, akapanda juu ya kabati la nguo, akafungua hata redio kwa bisibisi. Wapi. Mtu aliyetengeneza kila ubao wa nyumba ile hakukosa pa kuficha kitu.

Ushindi mmoja tu binti aliupata, siku moja kabla ya mambo haya. Kwenye koti lililotundikwa kitini, kando ya kitanda, alikuta pipi mbili, akazitupa chooni mbele ya macho ya mzee. Siku hiyo Fundi hakutania. Aliitazama mikono yake mwenyewe tu, akasema taratibu, "Hizo ungeniachia, mwanangu."

"Nikuachie ufe?"



Kesho yake mvua ilianza kabla ya adhuhuri. Fundi alikuwa amemeza vidonge vyake vya asubuhi kama kawaida, lakini chai aliiacha, na chakula cha mchana akakisukuma pembeni akisema hakina ladha. Binti hakumlazimisha. Alijisemea kwamba ni heri: chakula kidogo, sukari kidogo. Akafunika sahani, akaenda sebuleni kupiga pasi.

Alisikia kishindo kupitia kelele za mvua kwenye mabati, kishindo cha kitu kizito kutua sakafuni.

Aliiacha pasi juu ya nguo, akakimbia. Mlango wa chumba cha mzee ulifungukia ndani, na ulifunguka kidogo tu ukakwama. Akaingiza bega, akaingiza kichwa, akajipenyeza huku kitasa kikimkwaruza mbavu. Fundi alikuwa sakafuni, shati limelowa kama mtu aliyetoka mvuani. Binti alipomruka tu, mzee akajinyoosha, mgongo ukateleza mpaka mlangoni, na mlango ukajifunga nyuma yake.

"Baba!"

Fundi aliinua macho, na macho yale hayakumjua. Hilo ndilo lililomtia binti baridi ya mwili mzima. Alishazoea maumivu ya baba yake, presha yake, usumbufu wake. Hakuwahi kutazamwa naye kama mgeni.

"Wewe nani? Nani kakuruhusu kuingia karakana yangu?"

"Ni mimi, baba. Bi Forodha."

"Toka. Nina kazi ya watu hapa." Midomo ilikuwa ikitetemeka, na mikono pia.

Kiharusi, aliwaza. Akamtazama uso: haukupinda upande wowote. Akachomoa simu kwenye mfuko wa aproni. Vidole vilikuwa vinakosea namba, akafuta, akaanza upya, mpaka akampata muuguzi wa kliniki, mwanamke aliyekuwa akimpima mzee kila mwezi. Akamweleza ovyoovyo, maneno yakigongana.

"Amekula leo?" muuguzi aliuliza.

"Hajala."

"Na vidonge?"

"Vidonge amemeza."

"Basi sukari imeshuka."

"Imeshuka? Sista, ya kwake huwa inapanda."

"Vidonge vinaishusha, na tumboni hakuna kitu. Na ikishuka hivyo haimpi mtu nafasi. Nisikilize. Bado anameza?"

Binti alimtazama baba yake shingoni. "Anameza mate."

"Mpe maji ya sukari sasa hivi. Au soda, au asali, chochote kitamu. Kidogokidogo, ukiwa umemwinua. Akishindwa kumeza usimtie kitu mdomoni, atapaliwa, mlaze ubavu. Gari natuma, lakini na mvua hii usikae ukiingoja."

"Sina sukari."

"Jamani, hata kijiko?"

"Nyumba nzima hamna. Niliitoa yote mimi."

"Nenda kwa jirani, basi. Kimbia."

Akashika kitasa, akavuta. Fundi alikuwa pande la mtu, na bega lake lilikuwa limejikita kati ya mlango na mguu wa kabati la nguo. Binti alimshika kwapani amsogeze. Mzee akarusha ngumi, ikampata shavuni. Hakuwahi kupigwa na baba yake, hata utotoni. Akajaribu tena, miguu ikimteleza kwenye jasho la mzee, wala hakumsogeza hata kidogo. Akaenda dirishani. Dirisha lilikuwa na nondo, naye aliita kupitia nondo mpaka koo likamuuma, lakini mabati yote ya mtaa yalikuwa yakilia na sauti yake haikufika hata kwa jirani. Akampigia jirani simu. Iliita, ikaita, ikakata. Akampigia muuguzi tena, akafungua spika.

Aliporudi, kichwa cha Fundi kilikuwa kimeanza kuning'inia. Mate yalimtoka pembeni ya mdomo.

"Anaendelea kumeza?" muuguzi aliuliza kutoka sakafuni, binti alipoiweka simu.

"Sijui. Sista, naogopa."

"Mwite. Usimwache alale."

Binti alipiga magoti, akamshika baba yake mashavu kwa mikono miwili. Katika nyumba ile alibaki mtu mmoja tu mwenye sukari, na mtu huyo alikuwa huyu hapa, anayepotea mikononi mwake.

"Baba, umeficha wapi? Nakuomba. Sikugombezi. Pipi zako ziko wapi?"

"Mbao hazijakauka," alisema Fundi.

Basi akaanza kupekua. Safari hii hakupekua kwa ujanja wa kiforodha; alipekua kama mwendawazimu. Godoro alilipindua. Nguo alizitupa sakafuni. Akafika kwenye kabati dogo la kando ya kitanda, akavuta droo ya juu, iliyokuwa na tabia ya kukwama, akavuta kwa nguvu zote mpaka kabati likainuka mguu mmoja.

"We kijana."

Binti aligeuka. Fundi alikuwa amefumbua macho, anaitazama mikono ya binti, amekasirika hasa.

"Usivute. Utaning'olea kishikio, kazi ya watu. Sukuma kwanza."

Maneno yale aliyajua. Aliyasikia tangu alipokuwa mdogo, akicheza na maranda karakanani wakati baba yake akiwakaripia wanafunzi wake: droo ikigoma isukumwe ndani kwanza, ndipo ifuate mkono. Akaisukuma. Ikaachia. Ndani mlikuwa na miwani, vidonge na tochi. Akaichomoa yote, akapapasa nyuma yake, chini yake. Hamna kitu.

Ikabaki sehemu ya chini ya kabati, ile inayogusa sakafu, isiyo na kishikio wala tundu la ufunguo. Kila asubuhi alipita hapo na dekio. Hakuwahi kuifikiria kuwa ni kitu. Akaiwekea kiganja, akaisukuma.

Ikalia *tik*, ikajitokeza nje yenyewe.

Ndani ya droo ile nyembamba pipi zilikuwa zimepangwa kwa mistari, na pembeni yake vipakiti vya sukari vya mgahawani. Binti alilia kwa sauti, huku mikono ikiendelea na kazi. Alichana vipakiti kwa meno, akavimimina kwenye glasi ya maji ya kumezea dawa, akakoroga kwa kidole. Akajibana nyuma ya mzee, akamwegemeza kifuani kwake.

"Meza, baba."

Maji ya kwanza yalimwagikia kidevuni. Binti alimfuta kwa kiganja.

"Meza. Mimi si kijana wako wa kazi, ni mwanao. Meza."

Koo lilisogea. Akampa tena tone, akangoja, akampa tena. Mvua iliendelea kupiga. Kwa muda mrefu hapakuwa na mabadiliko yoyote, na muda huo ndio uliomtisha binti kuliko yote, kwa sababu sasa hakubakiwa na kitu kingine cha kujaribu.

Kisha mkono wa Fundi ukaacha kutetemeka. Ukapapasa sakafu, ukapapasa goti la binti.

"Mbona tumekaa chini?" aliuliza. "Na chumba changu nani kakifanya hivi?"

Binti aliweka paji la uso kwenye kisogo cha baba yake na kulia. Fundi alitazama godoro lililopinduliwa, nguo zilizotapakaa, kisha akaiona droo yake iko wazi. Akashusha pumzi.

"Leo umenikamata, Bi Forodha."

"Baba, hii ilishakutokea kabla?"

"Tangu waongeze vile vidonge. Mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka, naona giza. Naweka moja mdomoni, nakaa, inapita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeogopa. Na wewe ukiogopa, unafunga makabati." Alisema bila lawama, na hilo lilimuuma binti zaidi. "Hii ya chini ni ya akiba, kuinama ni kazi. Za haraka nilikuwa naziweka kwenye koti. Leo nilitia mkono kwenye koti, nikakuta hamna. Ndipo nikajaribu kuifuata droo."

Binti alilitazama koti. Lilikuwa kitini, mfuko mmoja umetolewa nje.

Waliposikia gari la kliniki, binti alimsaidia mzee kujisogeza, safari hii akasogea mwenyewe kwa makalio, polepole, mpaka mlango ukafunguka. Harufu ya nguo iliyoungua ilikuwa imejaa ukumbini, na binti alikwenda kuchomoa pasi. Alirudi, akamwinua baba yake, akamkalisha kitandani, akamvika lile koti la kitini kwa safari ya hospitali.

Fundi, kwa mazoea, akainua mikono juu apekuliwe.

Binti aliinama kwenye droo, akachota. Akamtia pipi mfuko wa kulia, akamtia mfuko wa kushoto, akamtia na mfuko wa shati, kisha akamshusha mikono.