Meza Iliyotolewa kwa Nyimbo

Chama cha Tuinuane, pale mtaa wa Maringo, kilikuwa na sheria nyingi, na baadhi yake hazikuwa na kichwa wala miguu, lakini moja haikujadiliwa: cha zamani kitoke kwanza, ndipo kipya kiingie. Zamu yako ikifika na wenzako wanakuletea sufuria, sufuria zako nyeusi zinatolewa nje asubuhi. Wakikuletea makochi, makochi yako yaliyobonyea yanatolewa nje asubuhi. Tena yanatolewa kwa nyimbo, ili aibu ijue imefukuzwa. Ndivyo walivyoamua waanzilishi, na waanzilishi wenyewe bado wako hai na bado wanabishana.

Mwaka huu ulikuwa mwaka wa meza za kulia. Wanachama walikuwa kumi na watatu, kila mwezi nyumba moja kuanzia Desemba iliyotangulia, na Wakiuru alikuwa ameokota kikaratasi cha namba kumi na mbili.

Wakiuru, ambaye mtaani alijulikana kama Mama Bedan, alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, mshonaji wa sare za shule, magoti mabovu lakini mdomo mzima. Meza yake ilikuwa ya mvule, ya watu wanane, na ilijaza chumba hata mgeni akalazimika kupita kiubavu. Marehemu mumewe, Ng'ang'a, alikuwa seremala kando ya Jogoo Road, na aliitengeneza mwaka waliooana, bila msumari hata mmoja. Juu yake Wakiuru alikata vitambaa, alisukuma chapati, na alisimamia hesabu za Bedan mpaka mtoto akalijua jedwali la tisa. Viti vilikuwa vinane. Vinne vilienda kuazimwa kwenye harusi na matanga ya majirani, na waliovichukua mpaka leo wanapita upande wa pili wa barabara.

Alitaka meza yake ibaki. Hakuna jambo lingine alilolitaka mwaka ule. Lakini sheria ilisema anayekataa zamu amejitoa, na kujitoa Tuinuane hakukuwa jambo la kutamka asubuhi ukanywa chai mchana. Ng'ang'a alipofariki, wanawake hawa waliingia mlangoni kabla Wakiuru hajamaliza kulia. Walipika siku tisa, walifua, walilala sakafuni wakimlinda, na Adongo, yaani Mama Caleb, mwenyekiti, ndiye aliyemshika kiuno makaburini. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Wakiuru alishaonja maisha ya kidole kimoja. Hakuyataka tena.

Kwa hiyo mwaka mzima alimeza mate na kutazama meza zikiingia nyumba za wenzake. Januari, Adoyo alipata ya kioo cheusi. Wakaizunguka wakijitazama nyuso. Kufikia Mei Adoyo alikuwa ameifunika kitambaa, maana mguu mmoja ulikuwa ukicheza kama jino la mtoto. Lakini wakati huo kioo kilikuwa kimeshapitwa, sasa fasheni ilikuwa meza ya kahawia yenye viti vya sponji. Agosti ikawa meza inayofanana na marumaru. Mwezi wa kumi Adongo akaona kwenye simu meza ya duara yenye miguu ya dhahabu, akasema hiyo ndiyo. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Waliopata za mwanzo walianza kunung'unika kwamba wameachwa nyuma, na mwaka haujaisha.

Wakiuru alijaribu mara moja. Kwenye kikao cha Oktoba aliuliza kwa upole ambao haukuwa wake, "Na mimi si mnipatie tu viti?"

Adongo akatikisa kichwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kanisani, na alimpenda Wakiuru kweli, hilo lisemwe. "Mama Bedan, viti si dining. Tulikubaliana dining. Na wacha nikuambie ukweli kwa sababu nakupenda. Hiyo meza yako ni aibu. Mtu akiingia kwako anadhani amefika kwa fundi."

Wote wakacheka. Wakiuru naye akacheka, kwa sababu asingecheka angelia, na kilio hicho kingemwudhi zaidi kuliko maneno yenyewe. Neno lile "aibu" alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo.

Jumamosi ya Novemba wakafika saa tatu asubuhi, leso kiunoni, wimbo mdomoni. Wanane wakaishika meza, haikunyanyuka. Wakaongezeka wawili. Ikanyanyuka, ikageuzwa ubavu, ikapita mlangoni huku Adoyo akipiga kelele kwamba kidole chake kimebaki ndani. Wakaiweka uani chini ya kamba za nguo. Wakiuru alisimama kizingitini akiangalia. Mlango ule ndio uliomtoa Ng'ang'a, na siku ile angalau watu walikuwa wanalia. Leo walikuwa wanapiga makofi. Akawaka hasira, kisha akaenda jikoni kugeuza chapati, maana wageni ni wageni.

Meza mpya ilikuwa iletwe saa nne na Muindi, dereva wa pikapu ya duka la fanicha, ambaye pia angeondoka na ile ya zamani. Saa nne akapigiwa simu. "Niko hapa Makadara." Saa tano, "Niko hapa tu Makadara." Saa sita na nusu bado alikuwa Makadara, na kutoka Makadara hadi Maringo hata mtoto wa nasari hutembea.

Hapo sasa ndipo sheria ilipowabana wenyewe. Desturi yao ilikuwa chakula cha siku hiyo kiliwe kwenye meza mpya, kiombewe juu yake. Meza mpya haipo. Kuku wa kienyeji amekwisha iva, ndengu zimekwisha iva, chapati zimefunikwa zinatoa moshi, na ndani ya nyumba hakuna pa kuweka hata kikombe, kwa sababu meza waliitoa kwa nyimbo.

"Tumbo haijui sheria," akasema Adoyo, akabeba sufuria ya kuku kutoka jikoni moja kwa moja hadi uani, akaitua juu ya mvule. Hakuweka kitambaa wala kigae chini yake. Meza haikulalamika.

Adongo akasita kidogo. "Ni ya muda tu. Mpaka Muindi afike."

"Ya muda tu," wakaitikia, huku wanavuta viti. Vile vinne vya Ng'ang'a, benchi la jirani, stuli, ndoo mbili zilizopinduliwa. Wakajipanga wote kumi na watatu, mabega yakigusana, na hakuna aliyekula amepakata sahani. Kate, mdogo wao, aliyekuwa ameolewa juzijuzi tu na kuhamia chumba kimoja Komarock, aliweka viwiko mezani na kuguna kwa raha.

"Nyumbani nakula nikiwa nimeweka sahani kwa debe ya maji," akasema. "Bwana yangu naye anakula akiwa kwa kitanda. Hatujawahi kula tukiangaliana."

Walicheka, wakaongezeana mchuzi. Wakabishana kuhusu kwaya. Adongo mwenyewe alikuwa kwenye paja la pili la kuku pikapu ilipoingia kwa honi nyingi, kana kwamba haikuchelewa.

Muindi akateremsha meza ya duara, miguu inang'aa, juu imevikwa nailoni, na viti vinne vyeupe. Ilipotua kando ya ile ya mvule, ilionekana ndogo, kusema kweli. Akafuta jasho, akaigonga meza ya zamani kwa kiganja.

"Ndio hii? Malizeni mapema, mamangu, nibebe. Bosi amesema ikifika tu inapigwa msumeno. Hapa hatukosi stuli kumi."

Wakiuru alisikia kila neno. Aliweka kipande cha chapati chini, akajifuta vidole taratibu, na akasimama. Magoti yalilia, akayaacha yalie.

"Haipigwi msumeno," alisema.

Adongo akageuka. "Mama Bedan, unakataa zamu?"

"Sikatai zamu. Nabadilisha namba. Mimi ni kumi na mbili, Kate ni kumi na tatu. Hiyo meza ya duara ni ya watu wanne, na Kate na bwanake hawana hata ya mtu mmoja. Achukue yeye leo, aende nayo Komarock wakaangaliane wakila. Mwezi ujao zamu ni yangu. Kubadilishana namba kunaruhusiwa. Wewe mwenyewe ulibadilishana na Adoyo mwaka wa makochi."

"Haki ya Mungu," akanong'ona Kate, mkono mdomoni.

"Kubadilishana sawa," akasema Adongo, na sauti ya kanisani ikapanda. "Siwezi kukataa. Lakini mwezi ujao ni yaleyale. Meza hii itatoka. Hatuwezi kuwainua wanawake kumi na wawili tukuache wewe na aibu yako. Ama watu wanasema aje? Wengi wape. Tupige kura."

"Tupige," akasema Wakiuru. Na sasa ile hasira yote aliyolala nayo tangu Oktoba ikapata kazi. "Lakini si kwa kuinua mikono. Mikono yenu naijua, inafuatana kama mbuzi. Hii ni kura ya sahani. Kuku wangu mmekula, siwaombi mrudishe. Lakini anayeona meza hii ni aibu, ainue sahani yake, asile aibu. Anayeona si aibu, aiache hapo ilipo."

Hakuna aliyecheka. Adoyo aliiangalia sahani yake kama imetajwa jina. Akaweka mkono juu ya ukingo wake, na badala ya kuiinua, akaivuta karibu na kifua. Kate hakuiangalia hata. Mmoja mmoja, wanawake wakatazama chini, na sahani zikatulia.

Adongo akainua yake.

Alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti hawezi kusema jambo mwaka mzima kisha akalikana kwa sababu ya mchuzi. Alisimama na sahani yake mkononi, paja la kuku likiwa limeliwa nusu, akatembea kwa heshima zote hadi kwenye meza mpya.

"Mama, hapana, usiweke hapo!" Muindi akaruka. "Hiyo haipendi kitu moto. Itatoka alama, alafu dukani watasema ni mimi."

Adongo akasimama. Akatazama huku, akatazama kule. Kuna kamba za nguo, kuna karo la kuoshea vyombo, kuna pikapu. Mchuzi ulikuwa unateremka kwenye kifundo cha mkono, unaelekea kwenye mkono wa gauni lake zuri. Akageuka akaitazama meza ya mvule. Wanawake kumi na wawili walikuwa wameizunguka, wamebanana, wawili wamekalia ndoo, na katikati yao nafasi yake ilikuwa wazi. Hakuna aliyekuwa ameisogelea.

Wakiuru aliiona nafasi ile pia, na moyo ukamlainika ghafla. Alitaka kushinda, ndiyo, lakini hakutaka kushinda na Adongo amesimama karoni.

"Njoo ukae, Mama Caleb," alisema. "Chakula kinapoa."

Adongo akavuta pumzi ndefu. Kisha akarudi, akajibana katikati ya Adoyo na Kate, na akaitua sahani yake juu ya mvule kwa kishindo kilichosikika mpaka nyumba ya tatu.

"Yawa," akasema kwa Kijaluo, kama mtu anayesema jamani. "Nipitishieni chapati."

Mtu angedhani Maringo nzima imeolewa siku hiyo. Vigelegele vilipanda, Adoyo akapiga meza kwa viganja viwili, na benchi la jirani likaanguka wanawake watatu walipoinuka kwa pamoja. Majirani wakachungulia madirishani kuuliza ni mtoto wa kiume ama wa kike. Muindi, ambaye hakuelewa lolote, alipewa sahani na nafasi pembeni, akala kimya na kuongezwa mara mbili.

Walipokwisha kula na kuomba, Adongo alimwambia Kate achukue kitabu cha kikao.

"Andika. Namba kumi na mbili ni Kate, meza ya duara. Muindi, usiniangalie hivyo, utaipeleka Komarock leo hii. Namba kumi na tatu ni Mama Bedan. Viti vinne vya mvule, vifanane na hivi, vitengenezwe na fundi anayejua kuunga mbao. Si vya kubandika na gundi." Akafuta mchuzi kwenye mkono wa gauni. "Na vikao vya mwaka ujao, vyote, vitakuwa hapa. Kwangu tukikaa kumi na watatu, watano wanashika sahani kama wako foleni ya msaada. Nimechoka."

"Na ile sheria?" Adoyo akauliza. "Cha zamani kitoke?"

"Kimetoka," Adongo akasema. "Si kiko nje? Sasa kiingie. Mama Bedan, wewe usibebe. Ingia ndani. Mwenye nyumba hupokea."

Wakiuru akaingia. Akasimama peke yake katikati ya chumba kitupu, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Nje alisikia Adongo akihesabu, moja, mbili, tatu, kisha mguno wa wanawake kumi na wawili, kisha wimbo. Mlango ukawa giza. Meza ya Ng'ang'a ikaingia kiubavu, Adongo mbele kabisa akiwa amebeba pembe nzito, uso umemlowa jasho, anaimba kwa nguvu zake zote. Na Wakiuru, aliyekaa na meza ile miaka yote, akaifungulia mikono na kuipigia vigelegele kama kitu ambacho hajawahi kukiona.