Wa Hamsini na Tisa Yuko Kikombeni

Asubuhi ile Mwalimu Rula hakuwa na chaki nzima, ila vipande viwili vya kushikwa kwa kucha. Hakuwa na kiti. Kilichokuwapo kilipelekwa ofisini kukaliwa na wageni na hakikurudi. Hakuwa na mlango unaofungika wala kioo hata kimoja dirishani. Hakuwa na ajira ya kudumu, bali mkataba wa mwaka uliobakiza wiki sita. Na kubwa kuliko yote, hakuwa na dakika za kutosha kwenye simu. Vifurushi vilikuwa vimepanda tena Jumatatu bila kupiga hodi, na pesa iliyonunua dakika sitini sasa ilinunua thelathini na tano. Kipindi cha hesabu kilikuwa cha dakika arobaini.

"Tano zinapungua," alijisemea akikwea ngazi. "Hizo nitaongea haraka."

Wanafunzi walimwita Rula kwa ajili ya rula ndefu ya mbao aliyotembea nayo kutwa. Ilikuwa ya kuchorea mistari. Hakuwahi kumpiga nayo mtoto. Aliingia, akaweka rejista juu ya meza, akapiga namba, akawasha kipaza sauti cha simu na kuitumbukiza simu ndani ya kikombe cha bati kilichokuwa mezani. Kikombe kilikuza sauti hata wa nyuma kabisa wakasikia. Akaanza kuita majina. Kila mtoto alisimama akasema "Nipo". Alipofika jina la hamsini na tisa, la mwisho, kikombe kikajibu, "Nipo, mwalimu. Shikamoo."

Aliyejibu alikuwa binti wa fundi viatu, ambaye wenzake sasa walimwita Redio. Muhula uliotangulia ukuta wa choo cha wasichana, uliokuwa na ufa wa kupitisha mkono, ulimwangukia ukamvunja paja. Alilala hospitali siku thelathini na nane za masomo, na mwalimu alimwandikia zote kuwa hayupo, kwa maana hakuwepo. Kisha akarudishwa nyumbani amefungwa plasta toka kiunoni hadi kidoleni, hawezi kukaa kwenye dawati wala kubebwa mgongoni. Hapo ndipo mwalimu alipofikiri kwamba mtoto asipoweza kulifuata darasa, darasa limfuate. Kwa siku ishirini na nne Redio alisikia kila somo la hesabu kupitia kikombe, akauliza, akajibu, akagombana na wenzake juu ya sehemu na desimali. Mwalimu alimwandikia yupo.

Alama hizo hazikuwa mchezo. Mtahiniwa aliyekosa siku sitini aliondolewa kwenye orodha ya mtihani wa mwisho, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Ndiyo maana alishtuka aliposikia viatu vigeni ukumbini. Mkaguzi wa shule alikuwa amekuja kwa ajili ya maboksi. Ofisini kwa Mwalimu Mkuu kulikuwa na maboksi manne ya vishikwambi, vile vya kuwawezesha mwalimu na mwanafunzi walio mbalimbali kuonana na kusemezana papo hapo. Yalikuwa na miezi saba pale. Hayakuruhusiwa kufunguliwa kabla ya mgeni rasmi kuja kuyazindua, na mgeni rasmi alikuwa ameahirisha mara tatu. Mkaguzi alikuja kuhakikisha kwamba utepe wa gundi haujaguswa. Alipokuta haujaguswa alifurahi, akaona si vibaya kupitia madarasani.

Aliingia na Mwalimu Mkuu nyuma yake, mama wa makamo aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na aliyekuwa akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Mkaguzi akachukua rejista, akahesabu watoto kwa ncha ya kalamu, akahesabu tena.

"Vichwa hamsini na nane," akasema. "Rejista hamsini na tisa."

"Wa hamsini na tisa yuko kikombeni, mzee," akajibu mwalimu.

Darasa likacheka. Mwalimu akaeleza yote bila kupumzika, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Dakika thelathini na tatu zilikuwa zimekwenda. Mkaguzi aliinama akachungulia ndani ya kikombe kama anayetafuta nzi kwenye maziwa, akasema kwamba yeye aliyekuwa ndani na ajibu swali. Tangi ni la lita mia nne na themanini. Bomba linaingiza lita kumi na mbili kwa dakika, na tundu linavujisha nne. Litajaa baada ya muda gani?

Walisikia penseli ikikwaruza karatasi. Walisikia Redio akivuta pumzi. "Mheshimiwa," akasema, "jibu ni…"

Simu ikalia tiit, tiit, tiit.

Mwalimu alipiga tena. Kikombe kikanguruma kwa sauti ya yule mwanamke wa kampuni ya simu, asiyechoka wala kukasirika, akisema kwamba salio halitoshi kupiga simu hiyo. Akapiga mara ya pili. Mwanamke akarudia maneno yale yale.

"Na huyu naye," akauliza Mkaguzi, "umemwandikia yupo?"

Safari hii watoto hawakucheka. Mkaguzi alisema mahudhurio ni mwili, sauti haikai kwenye dawati. Alama zote ishirini na nne zibadilishwe kwa wino mwekundu leo hii, na mwalimu amwandikie barua ya kukiri kwamba alighushi rejista. Akikiri, onyo litatosha. Asipokiri, mkataba hautangojewa uishe. Kisha akaondoka kuwahi shule nyingine yenye maboksi.

Alipokwisha toka nje ya geti ndipo mwalimu alipopata jibu la kumpa, kama ilivyo kawaida ya majibu mazuri.

Ofisini, Mwalimu Mkuu alimpa kalamu nyekundu na kumwomba aketi juu ya boksi moja, maana hata pale viti vilikuwa pungufu. Alimsihi kama mama mzazi. Alimkumbusha kwamba ana watoto wawili wa kusomesha, awafikirie hao. Asitumie neno kughushi, yeye Mkuu alikuwa na neno laini zaidi.

"Sema kalamu iliteleza, mwanangu."

"Kalamu gani inateleza mara ishirini na nne kwenye jina moja?"

"Ya mtu anayetaka mkataba."

Mwalimu alitia ile kalamu mfukoni, akachukua rejista, na kengele ya saa nane ilipolia hakwenda nyumbani. Alikata vichochoro, akaruka mtaro wa maji machafu, akafika kwa fundi viatu.

Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele fundi alikuwa akishona soli, nyuma binti alikuwa amelala juu ya kitanda kilichonyanyuliwa kwa matofali. Plasta yake ilijaa tarakimu toka gotini hadi kifundoni. Daftari lilipokuwa mbali aliandika kanuni juu ya mguu. Fundi alimkaribisha mwalimu kwa utani wake wa kila siku. Simu ile ilikuwa moja tu nyumbani, na wateja waliompigia wakati wa kipindi walikuta inatumika wakaenda kwa wengine. "Tangu simu ianze kusoma," akasema, "mimi wananiita kwa miluzi."

Binti hakungoja salamu ziishe.

"Nilijibu, mwalimu. Alisemaje?"

Mwalimu alitaka kudanganya. Uongo ulikuwa umeshafika ulimini, mtamu na mfupi. "Dakika ziliisha," akasema. "Hatukukusikia."

Redio alitazama paa. "Kumbe nilikuwa naongea na ukuta," akasema. Akamnyooshea daftari. Swali la tangi lilikuwa pale, neno kwa neno, na hesabu yake chini: kumi na mbili kutoa nne, mia nne na themanini kugawa kwa nane, dakika sitini. Pembeni alikuwa ameandika kwa herufi ndogo, *Nimejibu mara tatu*.

Mwalimu aliomba ukurasa ule na karatasi nyingine tupu. Fundi akasukuma kando misumari na vipande vya ngozi, akampa nafasi kwenye benchi lake. Mwalimu akamwandikia Mkaguzi kwamba amepokea agizo, na kwamba rejista hataibadilisha kwa sababu haina kosa. Siku thelathini na nane mwanafunzi hakuwepo, imeandikwa hayupo. Siku ishirini na nne aliitwa akaitika, aliulizwa akajibu, na mashahidi ni hamsini na nane. Jibu la swali la mheshimiwa ameliambatisha. Hapo wino wa bluu ukakatika. Akatikisa kalamu, akaipuliza, ikakataa. Akaingiza mkono mfukoni akatoa ile nyekundu, na sentensi ya mwisho ikatoka hivyo: kwamba mwili anaouulizia mheshimiwa uliangukiwa na ukuta wa shule, ambao ofisi yake iliandikiwa barua tatu juu ya ufa wake, na hakuna hata moja iliyojibiwa.

Fundi alisoma polepole, midomo ikicheza. Akauliza kama hiyo haitamfukuzisha. Mwalimu akasema huenda. Bahasha aliyokuwa nayo ilikuwa kuukuu, ulimi wake haushiki tena. Fundi akaichukua. Alifungua kopo la gundi ya viatu, akapaka kwa kidole, akaikandamiza bahasha chini ya nyundo, akahesabu hadi mia.

"Hii haifunguki kwa mvuke," akasema. "Anayetaka kuisoma aichane."

Posta ilibakiza dakika kumi kufunga. Karani aliiminya bahasha, akainusa, akauliza ni gundi gani.

"Ya viatu," akasema mwalimu. "Nipe ya rejesta, yenye stakabadhi. Itafika kabla ya Ijumaa?"

Karani alisema gunia la kesho litaondoka gari likipata mafuta. Akagonga muhuri mara mbili, akamkatia stakabadhi, akaitupa barua kwenye gunia. Mwalimu alisimama pale dirishani, rejista kwapani, mpaka alipoona mdomo wa gunia umefungwa kamba.