Lastiki kwenye Miguu ya Kiti

Mwalimu aliingia dukani kwangu akaniuliza swali lililonifanya nusura nimtimue. "Mama, huyu mtoto hutulia wakati gani?"

Bahati yake nilikuwa na pini mdomoni. Mtoto mwenyewe ni binti wa mdogo wangu, na sisi nyumbani tunamwita Kiguu na Njia, maana tangu ajue kutembea hajapata kukaa. Mama yake anafanya kazi hospitalini, chumba cha kufulia mashuka, kwa hiyo mtoto akitoka shule anakuja kwangu, kwenye hiki chumba cha mbele ninachoshonea nguo. Anachokonoa vifungo, anazungusha kiti, anauliza kwa nini pasi inatema mate. Eti hutulia lini. Nilitema pini kiganjani nikamjibu, "Akilala."

Hakucheka. Alivuta kiti cha wateja akakaa, msichana wa watu, mwaka wake wa kwanza wa kazi, akanieleza mambo yalivyo. Kiguu na Njia yuko darasa la tatu lakini kusoma anasoma kwa kusitasita, na katikati ya somo yeye hayupo. Ijumaa mwalimu mkuu atampima mwenyewe. Akishindwa, anarudishwa darasa la pili, akakae na watoto wanaomfika kifuani.

Habari hiyo mdogo wangu alishaniletea na machozi juu. Wenzake darasani nao walishaanza kumuaga kwa kumcheka. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikamwambia mwalimu, "Daktari ameshasema mtoto ana tatizo la umakini, na la kusoma vilevile. Sasa mnampima nini tena?"

"Ndiyo maana nimekuja," akasema. "Daktari ametupa jina la tatizo. Mimi nataka kujua likimshika linamshikaje."

Hapo akanipata. Mimi ni mdaku, sikatai. Ukiniletea gauni linalokukaa vibaya sikuulizi umenenepa lini; nataka kujua ni mshono gani unaovuta. Basi asubuhi iliyofuata nikafunga duka, nikaenda kujibanza kwenye kona ya darasa.

Wakubwa wote, mimi nikiwemo, tulikuwa tumekubaliana kwamba mtoto asiyetulia akae mbele, chini ya pua ya mwalimu. Nikamtazama kule mbele. Kalamu ikianguka nyuma, kichwa kinageuka. Mtu akikohoa, kinageuka. Wawili wakinong'onezana karibu na dirisha, kinageuka na mabega yake. Nilikuwa nimezoea kusema huyu hasikii. Kumbe anasikia kila kitu, na vyote vinatokea mgongoni kwake. Alikuwa anahudhuria darasa zima isipokuwa somo.

Mwalimu naye aliona. Siku hiyohiyo akamhamishia nyuma, mgongo ukutani, na shingo ikapumzika. Lakini miguu haikukubali. Ilipiga kiti cha mwenzake, ikasugua sakafu, ikakaliwa mmoja mmoja. Alipoambiwa aitulize, aliituliza kweli, ila usoni akawa kama taa iliyozimwa.

Jioni mwalimu akaja tena dukani. Kiguu na Njia alikuwa chini ya meza, anakanyaga kanyagio la cherehani langu bovu lisilo na mkanda, kwata kwata kwata. Mdomo wangu ulishafunguka kumkemea. Mwalimu akaniwekea kidole midomoni mwake, akaanza kumsomea kwa sauti somo la sayansi, jinsi maji yanavyopata joto yakageuka mvuke. Mtoto hakumtazama hata mara moja. Aliendelea kukanyaga tu, nami nikajisemea huyu mwalimu anajichosha bure.

Akamuuliza maswali. Mtoto akajibu, moja baada ya jingine, miguu inakwenda. Mwisho akatoa kichwa chini ya meza. "Kwa hiyo pasi ya Mama mkubwa inatema mate kwa sababu maji yanataka kutoka yakiwa mvuke, na yale ambayo hayajawa tayari yanatoka hivyohivyo?"

Tuliangaliana na mwalimu. Mimi nimeishi na ile pasi miaka yote hiyo sijawahi kujiuliza.

"Miguu ikiwa na kazi, masikio yanabaki huru," mwalimu akasema taratibu, kama anajaribu maneno yenyewe. Tatizo ni kwamba cherehani huwezi kulibeba darasani. Akaniambia aliwahi kusikia kuhusu kufunga kitu kinachovutika kwenye miguu ya mbele ya kiti, mtoto akawa anakisukuma kimyakimya. Alijaribu palepale na kipande cha mpira, kikateleza hadi chini. Sasa kuvutika na kutoteleza, hiyo ndiyo kazi ya kiuno cha sketi. Nikafungua droo ya lastiki.

Ya kwanza nilishona nyembamba. Ikakirusha kiatu cha mtoto hadi mapajani pa mteja. Ya pili nikaikunja mara mbili, nikaivika kitambaa kizito upande wa ndani ili ing'ang'anie mbao. Mdogo wangu alitukuta tumelala kifudifudi sakafuni, mimi na mwalimu, tunapima miguu ya kiti.

"Dada, mtoto anataka kurudishwa darasa, wewe unakivalisha kiti?"

"Acha maneno, shika hapa," nikamwambia. Akashika.

Ijumaa mwalimu aliifunga lastiki kabla ya kengele ya asubuhi, na mtoto akakaa nayo mpaka wenzake walipotoka. Ndipo akaja mwalimu mkuu. Mdogo wangu alisimama mlangoni na sare yake ya kazi, mikono haijui pa kwenda. Mimi nilijipa kazi ya kukunja mtandio.

"Anasoma au anasomewa?" mwalimu mkuu akauliza.

"Kusoma tumpime kivyake, na bado ni mzito, sifichi," mwalimu akasema. "Lakini sayansi tumpime sayansi."

Akamkubalia. Kusoma kulikuwa kugumu kweli, niliumia kusikiliza. Kisha mwalimu akaanza kumsomea maswali ya sayansi. Chini ya meza miguu ilisukuma, ikaachia, ikasukuma. Swali moja alikosa, jingine akaomba lirudiwe, mengine akajibu hadi mwalimu mkuu akasogeza kiti chake karibu. Akainama kutazama chini ya meza.

"Itoeni. Nataka kuona bila hiyo."

Damu ilinichemka. Mdogo wangu alinishika mkono, na alifanya vizuri. Mtoto akakaa kama alivyofundishwa, mgongo wima, mikono imeshika kingo za kiti hadi vidole vikabadilika rangi. Mwalimu mkuu akamuuliza swali, tena jepesi. Mtoto akamtazama. Akaliuliza tena. Midomo ya mtoto ikajaribu, ikaacha. Nikajua tumekwisha.

Mwalimu mkuu akachuchumaa, macho yake yakawa usawa na ya mtoto. "Ukikaa hivi, unasikiaje?"

"Nakuwa na kazi ya kukaa," mtoto akasema. "Maswali yananipita."

Yule baba akapapasa chini ya meza. Kisha akaiokota lastiki akaifunga yeye mwenyewe, vibaya, mwalimu ikabidi amsaidie. "Atabaki darasa la tatu," akasema. "Mtihani asomewe. Na kusoma kwenyewe, mwalimu, mpe muda wake kila siku." Mdogo wangu alilia palepale, na mimi nikamwambia afute uso, watu wanatuangalia, wakati wangu ulikuwa umelowa zaidi.

Njiani kurudi, mama yake akanyoosha mkono. "Lete mkoba nikubebee, mwanangu. Umechoka."

Siku zote mkoba huubeba mama. Mtoto huyu akifika kwao husinzia kabla chakula hakijaiva, viatu miguuni, nasi tulisema ndiyo malipo ya kurukaruka.

"Sijachoka," mtoto akasema. Alitembea kidogo, anawaza, mkoba mgongoni. "Mama, kumbe watoto wengine wanarudi nyumbani hivi kila siku?"

Mdogo wangu alinitazama mimi nimjibie. Nikaurekebisha mkanda wa mkoba mgongoni kwa mtoto.