Matoka ya Nyawira Ukutani

Jioni ile Wachuka alifunika nduma, yale magimbi anayouza, kwa gunia bichi, akaosha matope miguuni kwenye mfereji wa soko la Karatina, akachukua kigoda chake, akaenda kumtazama mama yake. Hakuwa na safari ndefu. Nyawira, aliyezikwa penye kanisa mwaka ule wa nzige, siku hizi huonekana kwenye ukuta wa ghorofa lililojengwa juu ya shamba lake, tangu jua linapotua mpaka watoto wanapoitwa kulala.

Ghorofa lenyewe linaitwa Kilele Gardens, ingawa bustani haina, labda uhesabu zile nyasi za getini. Wenyewe waliona ukuta mtupu unachosha macho, wakamleta Jackton, fundi wa taa kutoka Nairobi, awapambie kwa taa za rangi kuanzia chini hadi paani. Walisema ni sanaa ya umma, mji mzima utafaidi. Jackton akaandaa mlima wenye theluji na ndovu wawili. Siku ya kuzindua, mchungaji akaomba, swichi ikabonyezwa, na ukutani akatokea mwanamke mrefu kuliko mnara wa kanisa, amevaa viatu vya gambuti na sweta la buluu lililofumuka kiwikoni, analima.

"Ndovu wako wapi?" meneja akauliza.

"Niliwaweka," Jackton akasema, macho kwenye kompyuta yake. "Hata sasa wako hapa. Ni huyu mama amewatangulia."

Watu wa Karatina wakamjua papo hapo. "Ai, si huyo ni Nyawira?" wakaulizana. "Kumbe hata huko hajaweka jembe chini!" Kisha soda zikagawiwa na kila mtu akaenda zake.

Meneja alizima swichi, Nyawira akaendelea kupalilia. Jackton akang'oa taa zote akafunga nyingine. Mama akahamia kwenye hizo mpya, yeye na jembe lake. Mwishowe wakamwacha. Wapangaji walimzoea, tena walimpenda, maana watoto walilala vizuri wakimwona. Lalamiko lilikuwa moja tu: udongo. Kila alipopiga jembe, udongo mwekundu ulimwagikia magari yaliyoegeshwa chini. Wakanunua maturubai, na bawabu Simiyu akapewa kazi ya kufagia.

Wachuka aliketi ng'ambo ya barabara, akajifunika shuka. Jamani, alimkumbuka mama yake mpaka kifua kikauma. Pale ilipo lifti sasa palikuwa na jiko la mabanzi, moshi ukitoka kila upenyo, na sufuria ya maharagwe ya njahi ikitokota tangu asubuhi. Siku aliyorudi kutoka Kangema, ndoa imevunjika na nguo zake zikiwa kwenye mfuko mmoja, mama hakumuuliza neno. Alimwekea chai, akamwambia, "Kunywa kwanza." Wiki hiyo hiyo akachukua jembe, akampimia sehemu yake kutoka barabarani hadi mtoni, na wakapanda matoka mpakani.

Itoka ni ua, lakini huku kwetu si ua la kupamba. Likishapandwa, shamba limegawanywa, na maneno yamekwisha. Hata mwizi wa kuku, na hao hawana haya, hagusi itoka la mtu.

Wamae, kaka yake Wachuka, aliligusa. Mama alipozikwa tu, aliyang'oa yote usiku mmoja, akauza shamba zima, naye akapewa nyumba ghorofa ya nne. Wachuka alipomshtaki, Wamae alisimama mbele ya chifu na wazee akasema hajawahi kuona matoka pale, na kwamba dada yake ni mtu wa Kangema. Wazee wakaenda kuangalia. Hawakuona ua hata moja. Wakasema basi.

Jioni ile Nyawira hakupalilia. Alianza kupanda. Nyuma yake, juu ya madirisha ya ghorofa ya sita, alitembea kijana mwembamba amebeba kikapu cha matoka, akimkabidhi moja moja. Soko zima lilimjua kijana huyo. Mama alipofika ghorofa ya nne aligonga dirisha kwa mpini wa jembe, kama afanyavyo kila siku, na kama kila siku pazia likavutwa. Lilikuwa pazia zito, Wamae alilifuata hadi Nyeri.

Baadaye kidogo Wamae mwenyewe alitoka getini amevaa makoti mawili, akavuka barabara, akasimama kando ya kigoda.

"Hiyo kikapu nilibeba mimi," akasema.

Wachuka akageuka kwenye kigoda. Hilo ndilo neno alilolingoja miaka yote hiyo. "Twende uambie chifu," akasema.

"Si nimekuambia wewe?"

"Mimi nilikuwa najua, Wamae."

Kaka yake akatazama viatu vyake. "Sasa unataka nifanye nini? Huko juu kuna watu wenye watoto. Nibomoe?"

"Nataka useme tu."

"Hiyo maneno ni ya kitambo sana," Wamae akasema, akamgusa bega kwa upole, maana si kwamba hampendi. Kisha akarudi ndani, na lifti ikampandisha nyumbani.

Nyawira alipanda itoka la mwisho, akajipangusa mikono kwa sweta. Akasimama kwenye mlango wa jiko lake, akainamisha uso kuelekea barabarani, akapunga mkono: njoo ndani, baridi imeanza. Wachuka akainuka, akavuka na kigoda chake mpaka getini.

Simiyu alikuwa amevua kofia. "Mama yako anakuita," akasema.

"Nimemwona."

"Lakini wewe si mpangaji, mama. Na saa ya wageni imeisha."

"Najua. Si makosa yako, Simiyu."

Ukutani Nyawira alimimina chai vikombe viwili, kimoja akakifunika kwa kisahani, vile alivyofanya Wachuka akichelewa sokoni. Alingoja kidogo. Halafu akafukia moto majivuni, na taa zikafifia, dirisha kwa dirisha, mpaka kukawa giza.

Simiyu akapitisha mkebe wa rangi katikati ya vyuma vya geti. Ndani mlikuwa na udongo aliofagia juu ya magari. Wachuka huupeleka kwenye chumba chake cha kupanga, ambako ana itoka moja kwenye ndoo iliyotoboka.

"Leo ni kidogo, mama."

"Inatosha," Wachuka akasema, ingawa haukutosha, akauchukua.