Sema Ukisikia Uzito

Bega la kulia la Mzee Johana lilikuwa limekauka tangu mvua zianze. Mkono haukupanda kupita kifua, na ng'ombe aliyeachwa na marehemu mkewe, Rodah, alikamuliwa nusu nusu. Kipngeno, mwanawe, alikuwa amepiga simu: mkono usiporudi, ng'ombe auzwe. Ndipo mzee akashuka kutoka Kimulot hadi Silibwet, kwa Moureen, msichana aliyesomea akupancha, tiba ya kale ya Wachina ya kudunga sindano zisizo na dawa, nyembamba kama unywele.

Moureen alipangusa ngozi kwa spiriti, akafungua sindano mpya, akamdunga chini ya goti.

"Umepotea njia, msichana wangu. Bega liko huku juu."

"Najua, mzee. Tulifundishwa kwamba njia ya bega inapita hapa pia." Akaizungusha polepole. "Ukisikia uzito, ama kitu kinatembea, sema. Usiponiambia, nitakuwa nadunga kama kipofu."

Alisikia. Uzito kama wa gunia la majani mabichi uliteremka hadi kisigino. Lakini Johana alitahiriwa bila kupepesa jicho, na tangu siku hiyo hakuwahi kumwambia mtu panapouma. Hata Rodah alipozikwa, watu walimsifu kwamba ni mwanamume kweli. Wakanywa chai, wakaenda zao.

"Sawa tu," alisema.

Moureen akavuta stuli, akaketi. "Basi nitangoja. Leo sina mgonjwa mwingine."

Mvua ikapiga mabati. Kiganja cha msichana kilikuwa bado juu ya mguu wake, chenye joto. Hakukumbuka ni lini mtu alimgusa mara ya mwisho, achilia mbali kumngojea jibu.

"Hapo," sauti ikamtoka, ndogo. "Pazito. Panavuta."

"Na bega?"

"Linauma. Linauma sana, mama. Usiku ndio mbaya. Nyumba nayo ni kubwa."

Moureen akamshika kiwiko, wakauinua mkono pamoja. Ulifika kidevuni, ukagoma.

Jioni, nyumbani, Johana alikamua kwa mikono miwili, taratibu, akipumzika. Simu ikaita.

"Baba, mkono unaendeleaje?"

"Sawa tu" ilikuwa tayari ulimini.

"Unauma," akasema Johana. "Lakini ng'ombe usimuuze, Kipngeno. Sina mwingine wa kuamkia."

Johana akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akangoja jibu.